Mahali pa Felista

Jumatatu, 8 Julai

Mwaka huu shule ya sekondari ya mtaani kwetu ikiongoza mkoa mzima, watu wasije wakagombana ni nani aliyeifikisha huko. Ni mimi, Fredi Chinduli wa Chuno, mtu ambaye meli zilikuwa hazifungi gati hapa Mtwara mpaka nahodha anione nimesimama pale na shati langu jekundu. Nahodha mmoja Mgiriki alikaa nje siku tatu na mzigo wake kwa sababu nilikuwa na homa. Haya yanajulikana, hata bandarini ukiuliza.

Mwalimu Gideoni, yule wa kutoka Mbeya anayeshughulikia nidhamu, ametukusanya watu wazima wanane wa mtaa akatupa jina la walezi. Kila mlezi kapewa wanafunzi wanne wa kidato cha nne. Kazi yetu ni kuwajengea tabia ndogondogo za kuwafikisha kwenye mtihani wa Novemba: kuamka saa ileile, kusoma saa ileile, kumaliza ulichokianza. Kila mwanafunzi ana daftari, na tabia akiitimiza anaweka alama ya vema. Na sisi walezi tuandike shajara, mwisho wa muhula tuikabidhi. Yangu atainakili Felista kwa mwandiko mzuri. Mkono wangu una kasi, herufi nyingine unazikanyaga.

Felista ni mtoto wa dada yangu Doris. Sisi Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, akifaulu ni mimi, akianguka ni mimi. Doris tulimzika tarehe 19 Juni kule Kitaya. Alilala na presha, hakuamka. Katika maisha yake aliniomba jambo moja tu, na aliniomba mara nyingi: Felista afanye mtihani wa kidato cha nne, maana yeye hakufika huko. Mtoto kahamia kwangu na sanduku moja na godoro. Hapo sina la kuongeza.

Jumanne, 9 Julai

Leo hakuna.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeanza kazi. Wanafunzi wangu ni Felista. Samreen, binti wa Dawood mwenye duka la mabati na misumari kule mjini. Na wavulana wawili, Baraka na Selemani, ambao hata ukitaja jina la somo wanacheka.

Karatasi ya Mwalimu Gideoni ina tabia tatu. Mimi nimeongeza ya nne: kutobisha mkubwa anaposema. Samreen kanyoosha mkono, akauliza, je, mkubwa akiwa amekosea? Nikawapa kisa cha Ruvuma. Nilikuwa na miaka tisa, niko kwenye mtumbwi na marehemu baba, akasema ruka, nami sikuuliza kwa nini, nikaruka. Mamba akapata kasia. Ningebisha, leo wangekuwa wanafundishwa na mamba. Baraka akauliza kama yule mamba naye aliwekewa vema. Wakacheka wote isipokuwa Felista. Yeye alikuwa anaandika tabia ya nne kwenye daftari lake, kwa mstari, na chini akapiga mstari mwingine.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekagua madaftari. Samreen vema kumi na tisa kati ya ishirini na nane. Selemani kumi na moja. Baraka kasema lake limeliwa na mbuzi, nami nikamwambia kisa hicho nilikitumia mimi kabla baba yake hajazaliwa. Felista ishirini na nane kati ya ishirini na nane.

Alhamisi, 25 Julai

Kwenye kamba kulikuwa na kanga ya Doris. Felista kaifua. Nimesimama pale nikaiangalia, nikaona ni kanga. Nikaingia ndani nikala ming'oko ya kuchemsha na chai.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo kwenye kikao cha walezi nimelitoa daftari la Felista, likazunguka meza nzima. Vema tupu, hakuna hata pengo. Mlezi mmoja, mstaafu wa benki, kauliza nimetumia mbinu gani. Nikamwambia mbinu haisemwi, inaonekana. Ukweli ni kwamba sijawahi kuona mtoto msikivu namna hii. Unamwambia amka, sawa mjomba. Unamwambia kula, sawa mjomba. Unamwambia soma, anakaa, kitabu kiko wazi mbele yake saa nzima bila kunyanyuka. Kabla ya msiba alikuwa na mdomo mrefu, mama yake mwenyewe alikuwa anashindwa naye. Sasa nyumba imetulia.

Mikorosho ya jirani imetoa maua. Harufu inaingia mpaka chumbani.

Jumapili, 4 Agosti

Leo hakuna.

Jumatano, 14 Agosti

Nyuma ya nyumba yangu wamefunga mashine ya kusaga. Tangu asubuhi inanguruma, hata redio husikii. Nimemkuta Felista kakaa na kitabu cha Baiolojia, vumbi la unga limeshuka juu ya ukurasa, naye hajalipangusa. Nikasema hapa hapasomeki. Mlezi wa kweli hamwachi mwanafunzi wake asomee kwenye pumba.

Nimekwenda Rahaleo kwa Stefano. Huyu ni kijana wa Njombe anayeendesha winchi bandarini, kijana wa miaka thelathini na kitu, hajaoa, anaishi na mama yake. Winchi mimi ndiye niliyemfundisha, ingawa yeye anasema alifundishwa chuoni. Nyumba yao ina chumba cha mbele hakina mtu, kina meza na dirisha, na Mama Stefano yupo siku nzima anafuma vitambaa na kulalamikia joto la kwetu. Nimewaeleza, wamekubali palepale. Mama kasema atafurahi kupata sauti ya mtoto wa kike ndani ya nyumba.

Kwa hiyo mahali pa kusomea nimepata, katika siku moja. Wengine wanatafuta mwaka.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilikuwa bandarini, nikamtumia Felista ujumbe kwenye simu ya mama yake, ile anayoiwasha akitoka shule. Mimi ujumbe wangu ni mfupi na unaeleweka. Jioni akajibu: Sawa mjomba.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimempeleka Rahaleo kwa bajaji. Alivaa gauni lake la kanisani, nikaona vizuri, kajitunza. Mama Stefano alitupikia ndizi na nyama, akamuuliza Felista kama anajua kupika, kama anapenda mbogamboga, kama ana ndugu wengine. Felista alijibu yote akiangalia mikono yake. Stefano akatoka chumbani, alikuwa ametoka zamu, akasalimia, akaomba radhi akarudi kulala. Mama akasema huyu mwanangu kazi inammaliza, anahitaji mtu wa kumwangalia. Tukacheka.

Njiani kurudi Felista aliniuliza swali moja. La kwanza tangu Juni.

"Mjomba, ni baada ya mtihani, au kabla?"

"Hata kabla. Anza kesho. Mambo haya ukichelewa hayana maana."

Kasema sawa. Kisha akaangalia nje mpaka tukafika. Malori ya saruji yalikuwa yanapita, barabara nyeupe, hata watu walionekana weupe.

Jumamosi, 24 Agosti

Vema ishirini na nane.

Jumatatu, 2 Septemba

Mama Stefano amekutana nami sokoni, akanisifia mpaka watu wakageuka. Eti binti yangu akifika tu anaosha vyombo, anafagia uwanja, anakoroga ugali kabla hajaambiwa, na fulana za Stefano keshazipiga pasi. Nikamwambia hizo ndizo tabia ninazofundisha. Nikamuuliza, na kusoma je? Kasema kitabu anakiona mezani kila siku.

Alhamisi, 12 Septemba

Umeme umekatika tangu jana. Leo hakuna.

Jumatano, 18 Septemba

Felista kakonda. Nikamwambia ale. Kala. Nikamwambia aongeze. Kaongeza. Ukimwangalia anakula kama mtu anayejaza gunia.

Mimi pia sijui nina nini. Jana mtu alinisimulia jambo la kuchekesha, nikajua kuwa linachekesha, nikacheka mahali panapostahili. Ndani hakukuwa na kitu.

Jumamosi, 28 Septemba

Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka. Baraka kapata daraja la tatu, na tangu hapo hajacheka, kajishtua mwenyewe. Samreen la pili. Selemani la nne.

Mwalimu Gideoni aliniita ofisini, akafunga mlango. Akaweka mezani karatasi saba za Felista. Kila karatasi ina jina lake, namba yake na tarehe, kwa mwandiko mzuri sana. Chini yake hakuna neno. Karatasi saba.

"Mzee Fredi," akasema, "huyu binti anaweka vema kila siku, na haandiki hata neno. Wewe mlezi wake, unaona nini?"

Nikaanza kumsimulia habari za yule nahodha wa Kigiriki, kwamba naye mwanzoni watu walimdhania hivyo. Mwalimu alinyamaza mpaka nikamaliza. Alizipanga zile karatasi zikawa sawa pembe kwa pembe, akanipa.

Nyumbani nilimuuliza Felista imekuwaje. Kasema amesahau. Nikamwambia tunaongeza tabia ya tano, kurudia uliyosoma kabla ya kulala. Kaiandika.

Jumapili, 29 Septemba

Karatasi saba ziko juu ya kabati.

Jumatatu, 7 Oktoba

Msimu wa korosho umeanza. Nimebeba magunia ghalani siku nzima. Vijana wanaponiona wanasimama kando, wanajua. Mtaa mzima unanuka mabibo yaliyooza.

Jumatano, 16 Oktoba

Joto. Vema zote zipo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nitaandika sana.

Baada ya kipindi wavulana waliondoka. Felista alikwisha kwenda Rahaleo. Samreen alibaki. Alikuwa na mfuko wa rambo wa dukani kwao, ule wa mistari, mzito, akauweka mbele yangu. Ndani mna vitabu: Baiolojia, Historia, Jiografia, daftari za Hisabati. Majina yote juu ni Felista.

Nikamuuliza vimefikaje kwake. Kasema Felista alimpa tangu mwezi wa nane, kimoja kimoja, akimwambia yeye hatavihitaji. Samreen alivipokea akidhani kavisoma kavimaliza. Jana ndipo alipompa cha mwisho, na alipombana amwambie kwa nini, akamwambia.

"Mjomba, mimi si wa kuingilia mambo ya nyumba ya watu," Samreen akasema. "Lakini mama yangu mwenyewe, Maryambai, unamjua alivyo na haraka ya kuniozesha, na hata yeye kasema tutakusubiri umalize shule. Wewe mwezi mmoja tu umekushinda? Mahari umeshapokea kweli?"

Nikamwambia mahari gani?

"Ya Felista. Kwa yule Stefano wa winchi. Si ulimwandikia?"

Nikatoa simu. Nikautafuta ule ujumbe wa tarehe 15 Agosti. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, nalikumbuka hilo. Nauandika hapa kama ulivyo:

Felista mwanangu nimeongea na Stefano na mama yake wamekubali. Mahari yako tayari. Jumatatu nakupeleka ukaone. Usibishe.

Nikausoma, nikaona uko sawa. Nikamwambia Samreen mbona uko sawa? Akasogea, akaweka kidole chake juu ya neno, kwenye ile herufi, akasema hiyo ni ere, mjomba. Ulitaka ele.

Sisi watu wa huku neno hilo mdomoni halina tofauti. Mama yangu alilisema vile, Doris alilisema vile, mimi nalisema vile, na mwenye kusikiliza anajua tu kama unazungumzia uwanja au harusi. Kwenye simu hakuna wa kusikiliza. Katika ujumbe mzima nimekosea herufi moja.

Nilipanda bodaboda. Nilimkuta Felista uwani kwa Mama Stefano, anaanika mashuka. Hakushtuka kuniona. Akasema shikamoo, akaendelea na vibanio. Nikamwambia acha. Kaacha. Nikamwambia nilitafuta mahali, Felista, mahali pa kukaa usome, meza na dirisha. Sikutafuta mume. Hakuna mahari, hakuna mtu aliyeleta hata kuku.

Nilitarajia alie, au anipige na lile beseni. Alikuwa anafikiri.

"Ungeandika pako," akasema. "Hata ungekosea herufi. Ungeandika pako, mjomba, ningejua."

Nikamuuliza kwa nini hakubisha. Mtu anapelekwa kuolewa miezi mitatu kabla ya mtihani, na kijana ambaye hajawahi hata kumwambia karibu kiti, halafu anasema sawa?

"Si ulisema tusibishe? Nikaweka na vema."

Alisema hivyo bila kejeli. Laiti ingekuwa kejeli.

Mama Stefano akatoka na kitambaa chake mkononi, alikuwa amesikia yote. Akakaa kwenye ngazi. Kasema Mungu amsamehe, yeye mwenyewe siku za karibuni alishaanza kufikiri ni kweli, maana nani anayepiga pasi fulana za mtu asiye wake, na alishamwandikia dada yake Njombe. Stefano aliamshwa. Alisimama mlangoni na taulo, akasikia kwamba alikuwa anaoa, akasema yeye ana mchumba Makambako na wanasubiri likizo. Kisha akamgeukia Felista, akasema, dada yangu, samahani, mimi nilidhani ni mama ndiye anayepiga pasi.

Siku nyingine hapo ningekuwa na mwaka mzima wa kusimulia. Tulirudi Chuno kwa miguu, mimi na mfuko wa vitabu kichwani.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefuta tabia ya nne kwenye madaftari yote manne. Nilipita nyumba kwa nyumba. Baraka akauliza kama sasa anaruhusiwa kunibishia mimi. Nikamwambia ndiyo. Kasema basi lile la nahodha wa Kigiriki haamini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilidhani jambo limeisha. Halijaisha.

Felista kaniambia leo, akiwa anamenya muhogo, kwamba hata hivyo mtihani hafanyi. Kasema si kwa ajili ya kuolewa. Ilipokuja habari ya kuolewa aliona nafuu tu, kwa sababu basi hakuna haja ya kukaa tena mbele ya kitabu. Akifungua kitabu anaona karatasi. Maneno yapo, anayaona, hayaingii. Tangu siku ile Kitaya. Zile vema alikuwa anaziweka zote Jumapili jioni, za wiki nzima, kwa kalamu moja.

Mimi nina maneno mengi, kila mtu anajua. Leo lilinijia moja. Nikamwambia siku ile ya mazishi mimi nilikuwa nahesabu nguzo za uzio wa jirani. Nilizihesabu mara nne. Nguzo thelathini na sita. Mpaka sasa ukiniuliza nani alihubiri sijui.

Akasema zilikuwa thelathini na saba, moja imeanguka.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu Gideoni kumweleza yote, na ule ujumbe nikamwonyesha. Hakucheka. Kasema mtihani ni tarehe 11, na namba ya Felista ipo, haifutwi na mtu ila yeye mwenyewe asipotokea. Nikamwomba tabia ya kumfundisha mtoto kama huyu. Kasema hana. Kasema labda mtu akae naye tu.

Jumatano, 23 Oktoba

Chumba cha Rahaleo kimerudi kuwa chumba cha kusomea. Nimekaa naye. Yeye upande huu wa meza, mimi upande ule. Saa moja. Hakuna aliyesoma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumekaa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo nilichoka kukaa, nikachukua Baiolojia nikaanza kuisoma mimi, kwa sauti, habari za figo. Nilikuwa naikata mahali pasipostahili. Felista akavumilia ukurasa mmoja. Kisha akasema hiyo si hivyo, mjomba, hilo neno limeendelea mstari wa chini. Nikaendelea. Akanisahihisha tena. Nikamuuliza figo ziko ngapi, maana mimi nilijua moja. Akanieleza. Nikamuuliza na mkojo unajuaje njia? Akachukua kitabu.

Jumapili, 27 Oktoba

Figo mbili. Kila siku zinachuja damu yote mara nyingi, mtu amelala zinachuja, mtu ana msiba zinachuja. Felista kaniambia.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimebeba magunia asubuhi, mchana Rahaleo. Leo Jiografia. Nimemwambia kwamba nimewahi kuvuka Ruvuma kwa kuogelea na mbuzi mgongoni. Akaniuliza mto ule unatoka wapi. Sikujua. Nimekulia ukingoni kwake, sikuwahi kuuliza unatoka wapi. Akanionyesha kwenye ramani kwa ncha ya kalamu.

Daftari la vema hatulitumii tena. Sijamwambia Mwalimu.

Jumapili, 3 Novemba

Leo hakuna. Tumesoma.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemkuta analia kwenye Hisabati. Nikadhani ni mama yake. Kasema hapana, ni maumbo. Mama Stefano akamletea chai ya maziwa, akampangusa uso na kitambaa chenyewe anachokifuma.

Mimi bado sijalia. Siandiki hili kwa kujisifu.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua ndogo imenyesha, ya kwanza. Haikufika hata chini ya miti. Felista amepanga kalamu mbili, rula na rababendi, akazipangua, akazipanga. Nikamuuliza yuko tayari. Kasema hajui. Ni jibu la kwanza ambalo si "sawa mjomba", kwa hiyo nimelipokea.

Jumatatu, 11 Novemba

Tulifika getini saa moja na nusu. Wanafunzi wamejipanga, wanakaguliwa mifuko, wanaingia. Samreen kapita, kamshika Felista mkono, akavuta kidogo. Felista hakuenda. Samreen akaitwa, akaingia. Baraka kapita. Selemani kapita, kavaa soksi tofauti.

Felista alisimama kwenye kokoto. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa Agosti. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mjomba, miguu haitaki."

Mwalimu Gideoni alikuwa ndani ya uzio, akaangalia saa, akaniangalia mimi. Mwenye mdomo ni mimi. Nikafungua mdomo nimpe kisa cha mamba, nikaona hata mimi sikitaki.

Nikamwambia mtihani wa darasa la saba sikufanya. Siku zote nimesema nilifaulu nikakosa nafasi. Sikufaulu wala sikukosa nafasi. Asubuhi ile nilifika shuleni na penseli yangu, nikaona madawati yametengwa mbalimbali, nikaingia chooni, nikafunga mlango kwa ndani. Nilikaa humo tangu karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikamwambia walivyonitafuta. Mwalimu mkuu alituma darasa zima la sita, wakapiga kengele, wakaita jina langu mpaka mtoni, wengine wakasema nimeliwa na mamba, baba akaja na mashoka, na mimi nawasikia wote, niko kimya, nimeshika pua.

Felista aliniangalia. Akauliza, "Vyoo vilikuwa vingapi?"

"Viwili."

"Na hakuna aliyefungua?"

"Nilishikilia."

Kitu kikapita usoni kwake, siwezi kusema ni kicheko, ila mdomo ulisogea. Akasema, "Siku nzima, mjomba. Na joto la Kitaya." Kisha akainama akafunga kamba ya kiatu, ambayo ilikuwa imefungwa, akachukua kalamu zake, akaenda. Mkaguzi akamwangalia mfuko. Mwalimu Gideoni akamwonyesha chumba. Hakugeuka nyuma.

Nilisimama pale mpaka akatoka. Mikono yake ilikuwa na wino mpaka kwenye kifundo. Sikumuuliza ameandika nini. Kasema kesho ni saa ileile.

Sasa yeye kalala mchana, na mimi niko mezani namaliza. Shajara hii ataisoma wakati wa kunakili, kwa hiyo niandike, nisije nikamwacha na kisa ambacho si chenyewe. Choo ni kweli. Viwili, ni kweli. Darasa la sita, kengele, mtoni, mashoka, hayo nimeyaongeza pale getini. Hakuna aliyenitafuta. Nilikaa humo nikisikiliza kama kuna mtu anaita, mpaka wenzangu wakatoka wakaenda kucheza mpira, ndipo nikafungua mlango mwenyewe nikaenda nyumbani, na mama akaniuliza kama nimemfunga mbuzi.